Chungu cha kupeleka chuoni

Kwenye Hiace kutoka Matema, mama mfinyanzi alipakata chungu kipya. Jirani yake wa kiti, muuza vitenge, akamuuliza anakipeleka wapi.

"Chuoni," mama akajibu. "Kwenye usaili wa ufadhili walimuuliza binti yangu anajua kufanya nini, akasema hajui kitu. Na hiki kakifinyanga yeye!"

"Kwenu kila mwanamke anafinyanga, dada. Hakuona kama ni ujuzi."

"Masista walianzisha chuo kile kwa ajili ya mabinti wa wafinyanzi. Acha wakione."

"Utamwaibisha mtoto."

"Akikosa nafasi, je?"

Dereva alivuka matuta taratibu, nadhani kwa heshima ya chungu. Chuoni mama akashuka. Muuza vitenge akamshushia chungu mlangoni, bado anabisha: "Aibu, dada! Haya, kishike chini, kisivunjike kabla hawajakiona."