Sajini Ataka Kusimamia Nyasi za Chuo

Kijiwe cha Wariara kiko Njoro, mkabala na geti la chini la chuo, na benchi lake ni nguzo ya stima iliyolazwa juu ya matofali. Wanaume hufika hapo kunywa kahawa kikombe kimoja na kuendesha nchi nzima. Wiki hiyo nchi ilipumzika kidogo. Chuo kilikuwa na shamba la utafiti kando ya mto, limezungushiwa seng'enge, la kuchunguza nyasi, wadudu na ndege, na sasa kilitaka msimamizi pamoja na maoni ya wananchi kuhusu namna ya kuliendesha. Kipkemoi aliitamani kazi hiyo hadi usingizi ukamkimbia. Walimwita Sajini kwa sababu alifyeka nyasi za kambi ya jeshi kule Gilgil mpaka akastaafu, na tangu hapo amechoka kuulizwa na mkewe kila asubuhi anaenda wapi.

— Wariara, ongeza kahawa, Sajini alisema. Leo watu wa chuo wanakuja kukagua shamba.

— Kwanza plan, akasema Nicodemus, aliyepikia wanafunzi ugali miaka mingi, basi akaitwa Profesa. Shamba bila plan ni kichaka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hivyo tuharakishe.

— Plan ni geti, akasema Ephantus, fundi wa pikipiki, maarufu kama Injinia. Geti kubwa, ya kujifungua yenyewe. Ndege akiona geti anajua hapa iko na wenyewe.

— Ndege si anapita juu? Wariara aliuliza.

— Tunaweka wavu juu. Kila ndege anapewa namba, kama pikipiki. Akipotea Naivasha, anarudishwa.

— Na vyura?

— Swimming pool. Na tiles.

— Wadudu nao tutawapulizia dawa, Profesa akaongeza. Utasoma aje ukiumwa? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wariara aliuliza kama dawa hiyo haitaua walewale wanaochunguzwa.

— Mathe, utafiti ni kujua nani atabaki, Profesa alimjibu.

Sajini aliwaacha wapayuke. Moyoni alikuwa anacheka, maana alishawatangulia.

— Nyinyi mnapanga na mdomo, alisema. Mimi nilianza kazi Jumamosi.

— Kazi gani na hujaandikwa? Injinia aliuliza.

— Kuna kona huko chini ilikuwa aibu. Nyasi imefika kifua, miiba, ni kama haina mwenyewe. Nimefyeka yote. Mawe nimepaka chokaa, miti pia, mpaka kwa kiuno. Mlinzi ni shemeji, alinifungulia.

— Si huko kuna kibao cha chuo? Wariara aliuliza.

— Nimekiosha. Kinang'aa.

Profesa alimpa mkono. Injinia akasema kazi imepata mtu. Wakiwa bado wanapongezana, akaja msichana mwenye buti za matope na kitambulisho cha chuo shingoni, akaagiza kahawa.

— Habari zenu, wazee. Naitwa Chelimo, nafanya kazi kwa hiyo shamba ya utafiti. Mnajua nani amefyeka ile kona ya mto?

Sajini alisimama, akanyoosha shati. Siku yake ilikuwa imefika.

— Ni mimi, madam. Kipkemoi. Na bado sijamaliza.

Chelimo aliweka kikombe chini bila kunywa.

— Mzee, hiyo kona iliachwa hivyo tangu nikiwa primary. Tulikuwa tunaangalia nyasi itafanya nini kama hakuna mtu ameigusa. Ng'ombe hapana, panga hapana. Hiyo ndiyo ilikuwa utafiti yenyewe.

Sajini aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

— Sasa msimamizi angekuwa anafanya kazi gani? aliuliza kwa sauti ndogo.

— Kwa hiyo kona? Hakuna. Ni kukaa tu, asiguse kitu.

Profesa alikohoa. Injinia alitazama barabarani kana kwamba kuna mteja. Chelimo naye akawaangalia mmoja mmoja, kisha akaangalia nguzo waliyokalia, imelainika kwa makalio.

— Wazee, mko hapa tangu saa ngapi?

— Tangu asubuhi, Wariara alimjibu. Na jana pia.

— Mkifanya nini?

— Kukaa tu, Wariara alisema.

Sajini alibaki amesimama, chokaa bado imo kwenye kucha.