Ribaundi Moja ya Roscoe Tolliver

Kwenye benchi la nje ya saluni yangu ya kunyolea, hapa Philadelphia ya Kaskazini, mtu anaruhusiwa kudanganya juu ya siasa, mapenzi na uzito wa samaki aliyemvua, lakini mpira wa kikapu hapana. Huo hatutanii. Na mmoja wetu aliwahi kuucheza kwa kulipwa: Roscoe Tolliver, tunayemwita Dakika Tatu, kwa sababu Februari ya 1964 aliichezea timu ya mji mechi moja tu, dakika tatu, basi. Ila ndani ya hizo tatu alinyakua ribaundi moja, mpira uliokosa kikapu, mikononi mwa jitu la timu ya St. Louis. Tumeisikia ribaundi hiyo miaka kumi na tisa na mimi naijivunia kana kwamba niliichukua mwenyewe.

Jumamosi iliyopita Posta, mgawa barua wetu, alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti kuukuu. Alikuwa amekwenda maktaba akatoa nakala ya takwimu za mechi ile, akaitia kwenye fremu tuitundike ukutani saluni, zawadi ya Roscoe kutimiza miaka hamsini. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeleta zawadi.

POSTA: Jamani, bora niseme mapema. Dakika tatu, zimo. Pointi sifuri, mwenyewe hakatai. Faulo mbili. Ribaundi… sifuri.

Roscoe alikuwa anamimina kahawa. Aliendelea kumimina mpaka ikamwagikia kiatu.

SHEMASI: We Posta, una wazimu? Hebu funga hilo domo!

Shemasi ndiye anayepitisha sahani ya sadaka kanisani kwetu, na sauti anayo.

POSTA: Sijaandika mimi. Soma mwenyewe.

SHEMASI: Sisomi! Mtu wa mezani siku ile, yule mwandika takwimu, alikuwa anawasha sigara. Kiberiti kimoja kimezimika, cha pili kimezimika, akiinua macho, Roscoe keshatoa pasi.

MIMI: Hapana, ilikuwa kasi. Roscoe aliuchukua mpira mapema mno. Yule wa mezani bado anatazama kikapu, anangoja mpira ushuke.

SHEMASI: Haswa! Halafu lile jitu likalia. Nasema likalia! Likamwambia kocha wao, mkiandika kwamba nimeporwa na mtu aliyetoka benchi, siingii tena uwanjani. Na watu wameshakata tiketi! Wafanyeje? Wakafuta.

POSTA: Acha kamba, Shemasi.

SHEMASI: Mama yake alipiga simu kutoka St. Louis.

POSTA: Wakati mpira unachezwa?

SHEMASI: Mama ni mama, bwana.

Tulicheka, lakini Roscoe hakucheka. Alikuwa anaipangusa kahawa kwenye kiatu, taratibu, kama kazi ya kulipwa kwa saa.

ROSCOE: Posta, nenda nayo nyumbani kwako.

POSTA: Kaka, mimi nilitaka…

ROSCOE: Najua ulitaka nini. Nenda nayo.

Hapo moyo uliniuma. Mtu ameendesha lori la takataka miaka yote hiyo, ana magoti yanayolia kama mlango mbovu, na kitu chake kimoja cha kujidai ndicho hicho. Nilijua Jumamosi ijayo hatakuja, na ile ya pili pia.

Shemasi akachomoa penseli sikioni kwangu.

SHEMASI: Fungua fremu. Sifuri na moja vimepishana nini? Mstari tu.

ROSCOE: Ukigusa hiyo karatasi, Shemasi, nitakuvunja kidole. Sijawahi kuiba hata pointi.

Wakati huo Bi. Odessa Pettiway, aliyehamia ghorofa ya juu mwezi huu, alikuwa amesimama mlangoni na mumewe, wananisubiri niache mdomo nishike mashine. Akainama juu ya fremu, miwani puani.

BI. ODESSA: Samahanini. Mmejumlisha?

POSTA: Kujumlisha nini, mama?

BI. ODESSA: Hizi ribaundi za wachezaji. Chini hapa pameandikwa timu nzima hamsini na nane.

Hakuna aliyejumlisha. Tulikuwa tumesoma mstari mmoja tu, wa Roscoe. Posta akaanza na kidole kwenye kioo.

POSTA: Kumi na tisa… na kumi na mbili, thelathini na moja. Tisa, arobaini. Saba, arobaini na saba. Tano, hamsini na mbili. Tatu. Mbili. Hamsini na saba.

SHEMASI: Rudia!

Akarudia. Hamsini na saba. Shemasi akajumlisha kutoka chini kwenda juu, kwa sauti ya ibada. Hamsini na saba.

BI. ODESSA: Sasa hii moja ni ya nani?

Posta ndiye anayejua sheria, na hata kwa rafiki yake hawezi kuzipinda.

POSTA: Enzi zile, mpira ukigonga chuma ukatoka nje, ribaundi haipewi mtu, inapewa timu. Inaweza kuwa ndiyo hiyo.

BI. ODESSA: Inaweza. Na ilikuwa ndiyo?

Posta akakuna kidevu. Usiku wa mechi ile alikuwa jeshini, Ujerumani. Mimi nilikuwa nimelazwa na nimonia. Tukamgeukia Shemasi, ambaye miaka yote ametuapia kwamba alikaa safu ya tatu.

SHEMASI: Nilikaa! Ila zile dakika tatu… nilikuwa kwenye foleni ya soseji.

Bi. Odessa akamtazama Roscoe, na sisi sote tukamtazama.

ROSCOE: Msinitazame mimi. Mimi nimeshasema miaka kumi na tisa. Leo semeni nyinyi.

Akakunja mikono, futi sita na inchi nne za mtu, mgongo umenyooka kuliko nilivyowahi kuuona. Posta aliitazama ile hamsini na nane muda mrefu. Alitazama viganja vya Roscoe. Kisha akasimama, fremu kifuani, akaingia saluni bila kuomba ruhusa ya mwenye saluni.

POSTA: Kinyozi! Nyundo iko wapi?