Tetemo Jazz Wameimba "Usirudi"

Benchi letu la Majengo liko nje ya kibanda cha Primus, fundi viatu tunayemwita Wakili kwa kupenda ubishi. Mektrida huleta birika lake la kahawa saa moja asubuhi, na kufikia saa mbili tunakuwa tumeshaamua mambo ya nchi nzima. Jumatatu ile tulikuwa na jambo moja tu. Sirili, fundi cherehani, jina la kijiweni Spika, jana yake mchana alikuwa Bomang'ombe na mkewe Salvina kuwaona wanamuziki wa Tetemo Jazz. Amewapenda tangu ujana, kaseti zao anazo zote, ila hakuwahi kuwaona kwa macho. Tulitegemea aje anacheka. Alikuja kama katoka msibani.

— Walipiga vibaya? Wakili akauliza.

— Walipiga vizuri mno, ndiyo shida yenyewe. Vyombo vya kisasa, kila neno unalinasa. Ule wimbo wangu, kumbe hawasemi "mama watoto, urudi." Wanasema "usirudi."

Wimbo huo tunaujua. Mwaka tisini na mbili Salvina alikasirika akaenda kwao Machame, huko mlimani. Sirili akapanda mlima na redio kaseti begani, akasimama kwenye migomba ya baba mkwe, akaufungulia mpaka mwisho. Salvina akatoka na begi lake. Tumesimuliwa hadithi hiyo hadi watoto wetu wanaijua.

— Wamebadilisha maneno hao, akasema Thadeus, dereva wa basi mstaafu, sisi tunamwita Gia Tano. Bendi za zamani ndivyo zilivyo.

— Gia, uwanja mzima walikuwa wanaitikia! Wazee wenzangu, mikono juu: "Usirudi!"

— Basi ni meno, Wakili akasema. Mwimbaji ana miaka mingapi?

— Sabini na kitu.

— Umeona? Meno ya bandia hayo. Yakilegea, "si" inatoka yenyewe.

— Na uwanja mzima una meno ya bandia?

— Wanamfuatisha kwa heshima.

— Hamna, Gia Tano akadakia. Kosa ni baridi. Kaseti ikipanda mlimani utepe unasinyaa. Ile "si" ilibanwa huko.

— Mbona hata hapa Majengo nilikuwa nasikia "urudi"?

— Kaseti ulinunua wapi?

— Marangu, mlimani.

— Haya sasa!

Mektrida alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanga. Sirili hakucheka.

— Fanyeni mzaha tu. Mimi nimesimama mbele ya wakwe zangu nikamwambia mke wangu asirudi. Tena sauti nimefungulia yote. Halafu miaka thelathini na zaidi najisifu hapa.

Ndipo akafika dada mmoja mgeni kwetu, Evaline, nesi wa hospitali ya Mawenzi, kiatu kimoja mkononi kimeachia soli.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa hapo.

Wakili akapaka gundi huku akimsimulia kisa chote, meno na utepe humo humo. Evaline akasikiliza vizuri, kisha akamgeukia Sirili.

— Na mama, baba, siku ile alisikia "urudi" au "usirudi"?

Brashi ya Wakili ikasimama. Gia Tano akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Sijui, Sirili akasema polepole. Sijawahi kumuuliza.

— Na jana alikuwa anaimba ipi?

— Alikuwa anacheza. Amenipa mgongo. Mdomo sikuuona.

Alinyanyuka, akatazama njia ya kwake, ambako Salvina saa hizo alikuwa anafagia uwanja. Kisha akakaa tena.

— Mektrida, niongeze kahawa.

— Imeisha, Spika, Mektrida akasema, akifunika birika ambalo sote tulisikia kahawa ikicheza ndani yake. Nenda nyumbani.