Mama Safi na Tuta la Karibu na Kisima

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba na kusifiwa kwa mwandiko wake, kisha akabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na dereva wa lori, aliyemtangulia mwaka 2006. Dada wa mumewe aliishi nyumba ya pili, na mawifi hao walitaniana miaka yote.

"Wifi, mizizi yako inaringa kuliko wewe."

"Inajua thamani yake," marehemu alimjibu. "Ndiyo maana haiji kwako bure."

Kazi yake ilikuwa kulima manjano na tangawizi za dawa. Sokoni aliapa kwamba mizizi yake haijaonja dawa ya dukani, na wateja wakampa jina la Mama Safi.

Mwaka 2009 ukungu uliozesha mizizi ardhini. Marehemu alinunua dawa ya ukungu kimyakimya, akalimwagilia tuta la karibu na kisima, akinuia kuliacha hadi msimu mwingine. Wiki hiyohiyo wifi yake akabanwa na kifua. Matuta mengine yalikuwa yameoza, na marehemu aliona haya kusema ukweli. Akachimba kwenye tuta lile, akaosha, akachemsha, akampelekea kikombe. Wifi yake aliumwa tumbo wiki nzima, na daktari hakuona sababu. Marehemu alinyamaza. Ila tuta lile hakulipanda tena. Akiulizwa, alisema limechoka.

Mjukuu wake, aliyehitimu kilimo na ndiye anayesoma wasifu huu, aliambiwa siri hiyo na bibi yake, akapima udongo wa tuta hilo pamoja na mizizi iliyojiotea humo. Alimweleza bibi yake kwamba dawa ile huvunjwa polepole na vijidudu vya udongo, na kwamba sasa kipimo hakioni kitu.

"Basi udongo umesahau," bibi alisema. "Mimi bado."

Januari 2024 figo zake zilianza kushindwa kazi. Akiwa wodini alimwita wifi yake, akamweleza yote.

"Nilijua," wifi alisema. "Siku ile bomba la dawa lilikuwa nyuma ya mlango wako wa jikoni, bado linadondosha matone."

"Na ukanywa?"

"Kikombe ulikileta mwenyewe, umekishika kwa mikono miwili. Ningekurudishaje?"

Marehemu aligeukia ukutani, akalia. Kesho yake aliagiza kwamba wasifu wake usimwite Mama Safi, kwa kuwa jina hilo hakulistahili. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 3 Mei 2024.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na wifi mmoja. Wifi huyo aliposomewa rasimu hii alituuliza jina liko wapi. Tulimweleza agizo la marehemu.

"Liandikeni," alisema. "Aliyekunywa ni mimi."

Tumeliandika. Apumzike kwa amani, Mama Safi.