Mkono Mkali na Mkono Mlegevu

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mlioacha kazi kuja kumsindikiza dada yetu, kabla sijasoma mjue kwamba kuna watu walimwendea mume wa marehemu wakamwomba tuseme amekufa kwa presha, na familia imekataa.

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Ngumi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1968 katika chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, kwa baba ambaye mkanda wake ulifanya kazi zaidi ya mdomo wake, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, na kufuma alijifundisha mwenyewe, kwa spoku mbili za baiskeli.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika karakana ya masweta, akamkuta huko mchora patani mmoja, ile michoro ya kufumia masweta, mpole wa sauti lakini si wa mikono, ambaye mwaka 1991 aligeuka wifi yake, Ngumi alipoolewa na kaka wa mchora patani huyo, wakajaliwa mabinti wawili, hawa mnaowaona mbele.

Mawifi hao walibuni masweta pamoja, mmoja mwili, Ngumi mikono na kola, na kila sweta lilikuwa vita, maana Ngumi alikaza uzi kama anayemnyonga mtu, mwenzake akalegeza, kwa hiyo patani ileile ilitoa sweta la baba kwa mmoja na la mtoto kwa mwingine, "Unafuma chandarua, wifi," "Na wewe unafuma tofali," ndiyo ilikuwa salamu yao, hadi siku Ngumi alipomtoboa kiganja kwa sindano, akajibiwa kwa pasi, meno mawili yakaenda, na jioni hiyohiyo, mmoja na bandeji, mwingine na pamba mdomoni, wakakubaliana kila patani iandikwe vipimo viwili, vya mkono mkali na vya mkono mlegevu, na tangu hapo wafumaji wakawa wanazigombania.

Mwaka 2016 walifungua chumba chao wenyewe cha kufumia, mwenye karakana akataka kununua patani yao mpya, Ngumi akamfukuza, bwana yule akamfuata wifi auze peke yake, jina la Ngumi lifutwe, akajibiwa, "Mikono si yangu, bwana, labda nikuuzie kizibao."

Tarehe 9 Juni 2019 vijana wawili walivunja mlango kuchukua patani na sweta la mfano, Ngumi akaling'ang'ania, akamvunja mmoja pua, wa pili akampiga nondo kisogoni, akapigwa hata akiwa chini, na wifi yake aliyemlalia kumkinga akavunjwa mkono, na tarehe 12 dada yetu akafia hospitali. Hakuugua. Ameuawa.

Tunawashukuru madaktari walioandika walichokiona ingawa walibembelezwa wasikiandike, majirani waliowakamata vijana wale na kuwafikisha polisi wakiwa hai, jambo ambalo Ngumi asingelifanya, na wafumaji wenzake waliolala nasi msibani. Na wewe mwenye karakana, uliyesimama pale nyuma na shada lako, vijana wamekutaja, toka nalo, patani inachapishwa kwa majina mawili.

Pumzika kwa amani, dada yetu, ugomvi uliobaki tuachie sisi.