Ngamia wa Mkaidi

Basi la Wajir lilikuwa likikaribia Garissa. Mwalimu Mwendwa, mgeni kutoka Ukambani, akamwuliza Arbia, mama aliyepakata jerikeni la maziwa, "Huko kwenu bila polisi, mkaidi mnamfanyaje?"

Arbia akajiweka sawa. Polisi! "Kabla ya mvua za Elnino kijana mmoja alimpiga mzee kisimani, akakataa kuomba radhi. Wazee wakamchinja ngamia wake bora, tukamla. Kesho yake akaja mwenyewe, kichwa chini."

"Huo ni wizi, mama! Angepelekwa kortini."

"Jela ingeturudishia jambazi, wallahi."

Abiria wa kiti cha nyuma wakaacha kutafuna miraa.

"Na angekuwa mwanao?" Mwendwa akauliza.

Basi likasimama. Arbia akashuka na jerikeni lake, shingo wima. "Alikuwa mwanangu, mwalimu. Nyama niliipika mimi."