Likizo ya Miaka Thelathini na Moja

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, jirani na kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi seremala na mke wake, mfumaji wa vitambaa vya meza. Kaka yake, ambaye tangu siku ile amekuwa mkubwa wake na hajapata kulisahau hilo hata kwa saa moja, anasimulia kwamba mtoto alitoka kimya, akaitazama dari kwa muda kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake, ndipo akalia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1968. Maksi zake zilikuwa za kumtosha mzazi asiye na makuu, isipokuwa katika kuchora. Mwalimu wa jiografia aliacha kutundika ramani darasani, kwa kuwa kijana alizichora ubaoni kwa chaki, na mito yake ilikuwa imenyooka kuliko ya serikali. Ripoti yake ya mwisho bado ipo. Imeandikwa: "Ana mkono. Kichwa kinafuata taratibu." Mwaka 1971 alihitimu uchoraji wa ramani katika chuo cha ufundi.

Sasa tunafika kwenye kazi, na aya hii imeandikwa mara tatu. Rasimu ya kwanza ilitoka kwa kamati ya mazishi, nayo ilisema kwamba marehemu alikuwa mchora ramani mpaka alipostaafu. Binti yake, mtoto wa kwanza, aliyekabidhiwa kalamu kwa sababu tu mwandiko wake unasomeka, aliinakili vizuri, kisha akakaa nayo mezani mpaka chai ikapoa.

"Kuna nini tena?" baba yake mkubwa alimuuliza. "Mchapaji anasubiri."

"Baba mkubwa, hii si kweli."

"Mwanangu, msibani hatusemi kweli. Msibani tunasema mazuri."

"Na kama kweli ndiyo nzuri?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwake hiyo ni hotuba. "Nimelibeba jambo hili miaka thelathini na moja," akasema. "Uje ulitue wewe, siku ya kumzika ndugu yangu?"

Mjane alikuwa chumbani, mlango ukiwa wazi. Akajibu bila kutoka: "Andika, mwanangu. Mimi nimezalisha watoto wa mji mzima. Wa kwangu kalea yeye."

Kwa hiyo inaandikwa. Marehemu aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ardhi tarehe 3 Januari 1972, akaacha kuchora ramani za ofisi Ijumaa, tarehe 1 Juni 1984. Jumatatu iliyofuata alianza likizo ya siku thelathini. Hakurudi.

Lakini ndoa ilitangulia. Mwaka 1976 alitumwa hospitali kupima wodi ya wazazi iliyotaka kupanuliwa. Mkunga wa zamu alimwamuru avue viatu, naye akavua, akaipima wodi ile mara tatu, ingawa ilikuwa na kuta nne tu kama wodi nyingine zote. Ya nne alirudi bila futi. Walioana Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1977. Binti alizaliwa mwaka uliofuata. Machi 1984 walipata mapacha wa kiume, na mwisho wa Mei likizo ya uzazi ya mkunga ikaisha. Yaya waliyempata alikaa na mapacha siku mbili, akafunga kitambaa chake kichwani na kusema, "Mama, hawa si watoto, ni mkutano wa hadhara." Akaondoka zake.

Hapo ndipo marehemu alipoomba zile siku thelathini. Siku ya kumi na moja mkewe alirudi kutoka zamu akamkuta amelala chali sakafuni jikoni, mapacha wamelala kifuani mwake, na binti wa miaka mitano akiwa ameshika mkaa. Ukuta mzima wa jikoni ulikuwa umechorwa ramani ya nyumba yao, kwa vipimo sahihi. Palikuwa na Mlima wa Nguo Chafu, Ghuba ya Beseni, na Jangwa la Chini ya Kitanda, ambalo pembeni yake paliandikwa "halijapimwa". Mkunga, mtu asiyeshtushwa na mengi, aliuliza chakula kiko wapi. Akaambiwa kiko kaskazini mashariki.

Mwezi ulipokwisha aliandika barua ofisini: "Naomba kuongezewa siku thelathini, kwa kuwa kazi niliyoianza haijakamilika." Mwezi wa pili aliandika hivyo hivyo. Barua ya tatu ilikuwa ya kuacha kazi, na waliojua ni watu wawili, mke wake na kaka yake. Kaka alikuwa karani wa mahakama, mtu wa heshima zake, na lilimshinda kusema mbele za watu kwamba ndugu yake yuko nyumbani anakanda unga kwa hiari. Watu walipouliza, akajibu, "Yupo likizo." Neno likashika. Likaingia kwa majirani, likaingia kwa watoto, na mtaani marehemu akaitwa Bwana Likizo mpaka anaingia kaburini.

Yeye mwenyewe hakuwa na aibu. Aibu ilikuwa ya wengine, naye aliwatunzia, kama anayetunza makoti ya wageni. Kaka alipomwomba asianike nguo za watoto uani mbele za watu, alizianika ndani, nyumba ikanuka unyevu miaka minne. Alipoombwa asionekane dirishani na mwiko, alifunga pazia. Nyuma ya pazia hilo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliopita barabarani na mikoba yao. Alioka mikate yenye sura za majirani, ikaliwa kwa kuanzia pua. Alishona sare za shule zenye mifuko ya siri. Soksi iliyopoteza mwenzake ilipewa macho ya vifungo na cheo cha uwaziri. Alikuwa na sheria kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitano akiuliza swali, hujibiwa kwanza, nayo sufuria husubiri. Sufuria za nyumba ile zote zina makovu.

Kinyozi wa kona alimtania siku moja: "Bwana Likizo, si useme tu kwamba mke anakulisha?"

"Ananilisha kweli," akajibu. "Ila mpishi ni mimi."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nyumba hii haikuficha maradhi. Ilificha mtu aliyeipenda kazi yake, na leo kilio kimeiumbua vilevile.

Anayepaswa kuumbuka kwanza ni binti yake. Mwaka 1992 alikuwa na miaka kumi na minne, umri ambao mtu huwa na wazazi kwa bahati mbaya tu. Alikuwa amewaambia wenzake wa sekondari kwamba baba yake yuko safari ya kikazi, anachora mipaka. Mwaka huo shule iliandaa mchezo wa kuigiza, na mavazi ishirini na mawili ya ndege yalihitajika. Binti akasema nyumbani kwao wana fundi. Fundi alishona wiki tatu, unyoya mmoja mmoja, kwa vipande vya mashuka ya zamani.

Ijumaa, tarehe 23 Oktoba, bawa la korongo lilichanika saa moja kabla ya mchezo. Marehemu alifika na cherehani begani, akapiga goti sakafuni, pini sita mdomoni. Mwalimu mkuu, mama mrefu aliyependa kujua kila mtu ni nani, akasimama mbele yao.

"Na huyu ni nani?"

Binti akasema, "Ni fundi wetu, mwalimu. Wa nyumbani."

Marehemu alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. Zilikuwa sita, na binti alizihesabu zote, maana kila moja ilikuwa nafasi ya kusema neno lingine.

"Ndiyo, mwalimu," marehemu akasema. "Mimi ndiye fundi wao."

"Una mikono ya dhahabu, fundi. Hebu mwambie baba mtu asikose kuja kumwona mwanawe jukwaani."

"Nitamfikishia, mwalimu."

Alitazama mchezo akiwa amesimama kwenye mlango wa nyuma pamoja na wapishi wa shule. Jioni aliwapakulia chakula, akakaa, akasema kwa sauti ya taarifa ya habari: "Kuna salamu za baba yenu kutoka kwa mwalimu mkuu. Nimezipokea." Mapacha wakacheka mpaka wakapaliwa. Binti naye alicheka. Ule uongo ungeweza kusamehewa kwa sababu ya umri. Kicheko hicho hana wa kumsingizia.

Hakuomba radhi usiku ule, wala mwaka ule. Alisoma, akaajiriwa, na leo ni afisa utumishi. Kazi yake ni kukagua fomu za likizo za watu wengine na kuhakikisha wanarudi. Alipozaa, watoto wake wawili alimpelekea nani? Alimpelekea fundi, kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, naye fundi aliwapokea mlangoni akiwa ameshavaa aproni. Ofisini alisema watoto wanabaki kwa bibi yao. Bibi yao wakati huo alikuwa hospitali, anazalisha.

Marehemu alianza kuugua Jumatano, tarehe 2 Septemba 2015. Alikuwa anakanda unga, mkono wa kulia ukaacha kumsikiliza. Ilikuwa kiharusi. Maneno yakawa mazito na machache, mkono ukalala. Hospitali walimpa kijana wa mazoezi ya viungo, mpole, mwenye kuongea na wagonjwa kama wajomba zake. Siku ya kwanza kijana yule alimuuliza binti: "Dada, mzee alikuwa anafanya kazi gani? Mkono haufundishwi kitu kipya. Tunaukumbusha ile kazi uliyoizoea."

Marehemu alifumbua mdomo. Binti akawahi. "Mchora ramani," akasema.

Basi mkono ukapewa penseli. Kwa wiki tano mtu ambaye hakuwa ameshika kalamu ya kazi tangu mwaka 1984 alilazimishwa kuchora mistari. Penseli ilianguka, ikaokotwa, ikaanguka. Kijana wa mazoezi alimpa moyo: "Kumbuka ofisini, mzee, kumbuka ofisini." Mzee alimtazama kwa huruma. Binti alikuwa anakaa pembeni, na alijua. Kila siku alijua.

Jumanne, tarehe 13 Oktoba, mjukuu wake wa miaka sita aliletwa kumsalimu, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, kwa kuwa mama yake, binti huyu, hana ustadi huo. Mtoto alijiegemeza kitandani na kumpa babu kisogo, kama alivyozoea kila asubuhi. Mkono ule uliolala ukainuka. Ulitetemeka, ukatafuta, ukagawa nywele mafungu matatu, ukaanza kusuka. Ulisuka nusu msuko, wa ovyo, ila ulikuwa msuko. Kijana wa mazoezi alisimama mlangoni kinywa wazi.

"Dada! Kumbe mzee alikuwa msusi?"

Chumba kizima, mgonjwa akiwemo, kilimtazama binti. Alikuwa na miaka thelathini na saba, ana ofisi na muhuri wake. Akasema, "Hapana. Anacheza tu na mjukuu."

Marehemu alirudisha mkono wake juu ya shuka, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Asubuhi yake kijana akaleta tena penseli.

Kiharusi cha pili kilimchukua Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 2015, saa tatu na robo asubuhi, mkewe akiwa amemshika kiganja. Binti alikuwa njiani. Katika kikapu alikuwa na unga, sindano, na bunda la uzi, na alikuwa amejipanga kumwambia kijana wa mazoezi neno moja alilolichelewesha tangu akiwa na miaka kumi na minne. Alimkuta kijana koridoni. Alimwambia hata hivyo. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, dada. Ungeniambia mapema, tungeanzia kwenye unga." Hakusema kwa ubaya, na kwa sababu hiyo neno lake halitoki.

Ameacha mjane, mkunga mstaafu. Ameacha kaka mmoja, aliyeikataa rasimu hii, kisha akairudia usiku na kusahihisha tarehe mbili kwa mkono wake mwenyewe. Ameacha mapacha wa kiume, ambao wote wawili wanajua kupika na hawajawahi kuambiwa kwamba ni ajabu. Ameacha wajukuu watano. Ameacha pia watu wazima kadhaa wa mtaa huu waliojibiwa maswali yao jikoni kwake wakiwa wadogo, nao watajijua wenyewe.

Na ameacha binti mmoja, ambaye ndiye aliyesimama hapa mbele yenu na karatasi hii. Mwalimu mkuu wa shule ile yupo, ameketi mstari wa tatu, na binti anamshukuru kwa kuja. Mwalimu, uliuliza yule aliyepiga goti pale chini ni nani. Ni baba yangu.

Mola amlaze pema, na alale akijulikana.